Nusu Inchi Juu ya Mstari

Babu Futi hakuwa na kichwa cha kukumbuka sura. Ungeweza kunywa naye chai leo, mkacheka mpaka machozi, na kesho akakupita barabarani kana kwamba hakujui. Lakini akishakupima mara moja tu, umo kichwani mwake maisha. "Nimekutana na yule wa kiuno thelathini na nane, bega la kushoto limelala," angemwambia binti yake jioni, na binti, aliyekwisha kuzoea, angejibu, "Ah, mwalimu mkuu. Hajambo?"

Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na ushei. Chumba chake cha kazi kilikuwa kimoja, kimebanwa kati ya duka la taa na duka la viatu. Kilikuwa na cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia ambayo pembe zake zimelainika kwa kusuguliwa na nguo, pasi, kioo kirefu chenye ufa, na vipande vya chaki kila mahali, hata kwenye kopo la sukari. Futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake tangu anaamka hadi analala. Aliwahi kwenda nayo mazikoni, watu wakawa wanamtazama kwa wasiwasi, kana kwamba amekuja kupima nani anafuata. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Kila mteja alimwamuru neno lilelile: "Simama wima!" Awe meneja wa benki au bibi harusi, kwake hakukuwa na simile. Alisema watu wote hufika kwa fundi wakiwa wanadanganya, huyu amevuta tumbo ndani, yule ametunisha kifua, na kazi ya fundi ni kuwarudisha kwenye ukweli kabla ya kukata, maana mkasi ukishapita hakuna kuombana radhi.

Alikuwa na wajukuu wawili, watoto wa huyo binti yake, na wote waliishi naye. Wa kwanza, msichana wa miaka minane kasoro miezi, aliitwa Wakili kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Ukimwambia akalale, anakuuliza sheria hiyo imetungwa na nani, na lini. Mdogo wake alikuwa wa miaka mitano, mfupi, wa duara, naye aliitwa Kifungo. Mama yao alifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na Jumamosi zilikuwa zamu yake. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa mali ya Babu, na Babu aliipeleka sinema.

Mdomoni alisema anawapeleka watoto. Msimwamini. Babu Futi alipenda sinema kuliko watoto wenyewe, na kuliko sinema alipenda ile saa na nusu ya gizani, Kifungo kamlalia mbavuni upande wa kulia, na Wakili upande wa kushoto akimvuta mkono wa shati kila kukitokea jambo. "Babu, umeona? Babu, kwa nini?" Mle ndani hakuna aliyemuuliza suruali yake itakuwa tayari lini. Alitoka amekuwa mtu mpya, na furaha hiyo akaishonea mwezi mzima.

Tatizo bei. Babu hakuhesabu bei kwa fedha kama watu wengine, alihesabu kwa kazi. Walipoanza kwenda, tiketi ya mtu mzima ilikuwa upindo wa suruali mbili. Mwaka uliofuata ikawa zipu mpya na kugeuza kola. Sasa ilikuwa suruali nzima, na mifuko yake, na bitana. Bisi, ambazo zamani zilikuwa vifungo vitatu vya kushikiza, zilikuwa zimefika shati la mikono mifupi. "Mahindi!" alilalamika. "Mahindi yaliyopasuka!" Uongozi wa sinema ulibandika tangazo kwamba bei imepanda kutokana na gharama za uendeshaji. Babu alilisoma mpaka mwisho, akakunja uso, akasema hata yeye ana gharama za uendeshaji, maana huo mguu wake wa kulia ndio unaoendesha cherehani.

Kilichokuwa kinamwokoa ni mstari. Kwenye nguzo karibu na dirisha la tiketi ulipakwa mstari mwekundu, na pembeni yake maandishi: chini ya mstari, nusu bei; juu ya mstari, bei kamili. Umri haukuulizwa. Mtoto anasimama pale, anatazamwa, basi. Wazazi wengine walikisia tu mstari uko juu kiasi gani. Babu aliupima siku ya kwanza kwa futi yake, mbele ya watu, akaona ni inchi arobaini na nane kamili. Tiketi moja kamili, nusu mbili, na pakiti moja ya bisi ya kugawana: hapo ndipo mkono wake ulipofika.

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo alimpima Wakili kwa ajili ya sare mpya ya shule. "Simama wima," akamwambia, na mtoto akasimama wima. Babu akaanza na urefu, utosini hadi kisiginoni. Futi ikasema arobaini na nane na nusu.

Akapima tena. Akavaa miwani, akapima mara ya tatu. Futi haina huruma. Mtoto amekua, jambo la heri, jambo la kumshukuru Mungu, na Babu hakufurahi hata kidogo. Aliiona Jumamosi mbele yake, akaiona nguzo, akauona mstari. Akafungua daftari la vipimo, na kwa mkono uleule ambao kwa miaka arobaini haukuwahi kuandika namba ya uongo, akaandika arobaini na saba.

"Nimekua, Babu?" Wakili akauliza.

"Wewe? Uko vilevile."

Fundi yeyote atakwambia kwamba vipimo vya mwili mmoja ni ndugu. Ukimpunguza mmoja, lazima uwapunguze na wenzake, la sivyo daftari linakuumbua. Mtoto wa inchi arobaini na saba hawezi kuwa na mabega yale wala kiuno kile. Babu akapunguza kidogo hapa, kidogo pale, mpaka namba zikaelewana, zikapendeza, zikawa za mtoto mwingine kabisa. Kisha akafanya jambo ambalo hata baadaye hakuweza kulieleza. Alisahau kwamba amedanganya. Jumanne alifungua daftari, akaliamini kama alivyoliamini siku zote, akakata.

Alhamisi binti yake aliingia pale kazini akiwa amemshika Wakili mkono, na Wakili amevaa sare. Mikono haikushuka, zipu haikupanda, na magoti yote mawili yalikuwa nje yakitazama dunia.

"Baba," binti akasema taratibu, "ulimpima huyu au Kifungo?"

"Mkono uliteleza."

"Uliteleza mahali sita?"

Babu akashika tama. Katika miaka yake yote hakuna nguo iliyowahi kurudishwa, na ya kwanza kurudi ilikuwa ya mjukuu wake. Gauni halikuweza kuachiwa lirefuke, upindo alikuwa ameuweka mwembamba kubana kitambaa. Ilibidi anunue kitambaa kingine, na fedha akaichomoa palepale alipokuwa ameiweka ile ya Jumamosi. Yaani alidanganya ili aokoe nusu tiketi, akala hasara ya gauni zima. Alikanyaga cherehani mpaka jioni akijitukana kimoyomoyo. Alipomaliza, mfukoni ilibaki tiketi moja kamili na nusu mbili, bila senti ya ziada. Bisi hakuna, na hata ile fedha ya bisi ambayo ingeziba pengo ilikuwa imekwenda.

Jumamosi ikafika. "Vaa ndara," Babu akamwambia Wakili. Jana yake alikuwa amemwomba mama mtu amsuke mtoto nywele za kulala kichwani, zisisimame hata moja. Wakili akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mbona Kifungo kavaa viatu?"

"Kifungo miguu yake inapata baridi."

"Na yangu je?"

"Yako ya moto. Twende."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na harufu ya bisi ilijaa ukumbi wote wa mbele. Kifungo akavuta pumzi ndefu, akaangalia juu kwa matumaini, akaambiwa kwamba bisi za leo zimeungua. Akaamini, maskini, akazionea huruma. Wakili hakuamini. Alitazama mfuko wa shati la Babu, akatazama ubao wa bei, akarudi kutazama mfuko, na hakusema kitu. Mtoto yule kunyamaza haikuwa dalili nzuri.

Wakafika dirishani. Binti wa tiketi, mchangamfu, kucha zake zimepakwa rangi ya machungwa, akachungulia. "Shikamoo, mzee. Watoto wasogee kwenye nguzo."

"Marahaba, mwanangu."

Kifungo akasimama, mstari ukawa mbali huko juu kama habari isiyomhusu. Akafuata Wakili. Aliweka mgongo kwenye nguzo, uso umetulia kama maji ya mtungini. Kati ya utosi wake na mstari ikabaki nafasi ya kidole.

"Nusu na nusu," binti wa tiketi akasema, vidole tayari vinabonyeza mashine, "na mtu mzima mmoja."

Moyo wa Babu ukaruka. Ndara hizo! Nywele hizo! Alikuwa ameshinda. Akaingiza mkono mfukoni, na hapohapo jicho lake la kazi, ambalo halikuwahi kumwomba ruhusa, likashuka kwenye gauni. Lilikuwa gauni la kutokea, alilishona mwenyewe, na alijua upindo wake unaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Sasa ulikuwa umegusa ndara. Na mbele, kidogo chini ya mapaja, kitambaa kilikuwa kimesukumwa na vitu viwili vya duara. Mtu mwingine asingeona. Babu aliona kwamba mtoto amekunja magoti.

Hakuna aliyemfundisha. Alitazama mfuko, akatazama ubao, akajua mwenyewe, na sasa alikuwa pale anatetemeka mapaja, anajifupisha ili babu yake apate kuingia naye. Babu alitaka kumkumbatia. Alitaka pia kulipa upesi na kufyata mdomo, tusifichane. Lakini mdomo haukumsubiri, ukafunguka wenyewe kwa sauti ya kazini:

"Simama wima!"

Wakili, aliyelelewa na neno hilo tangu hajaota meno, akanyooka mara moja. Utosi ukapita mstari. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Jamani, mzee!" binti wa tiketi akasema, naye anacheka. "Si ungeninyamazia tu?"

"Nilimpima Jumatatu," Babu akasema, lakini hakuwa anasema na binti wa tiketi. Alikuwa ameinama usawa wa macho ya mjukuu wake. "Arobaini na nane na nusu. Uliniuliza kama umekua, nikakwambia uko vilevile. Nilikudanganya, ndiyo maana hata sare yako ikaharibika. Umekua, mama. Umekua vizuri. Na usijikunje kwa ajili yangu tena, umesikia?"

"Lakini fedha zitatosha?"

"Zinatosha." Akajiinua, akaweka fedha dirishani. "Kamili moja, nusu moja. Wataingia wao, mimi nitawangoja hapa. Filamu za siku hizi kelele tupu, zinaniumiza masikio."

Binti wa tiketi aliacha kucheka. "Haiwezekani, mzee wangu. Wa chini ya mstari haingii peke yake, ndiyo sheria ya hapa. Lazima aongozane na mtu wa juu ya mstari."

Babu alisimama hapo na aibu zake. Aingie yeye na Kifungo, Wakili abaki nje? Afadhali warudi nyumbani wote. Alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia Kifungo kwamba na filamu nayo imeungua, ndipo Wakili alipoinua kidole kama yuko darasani.

"Mimi niko juu ya mstari."

Binti wa tiketi akatoa kichwa dirishani. Akageuka kusoma maandishi ya nguzoni, neno kwa neno. Umri haukutajwa popote. "Haya basi," akasema, akampa Wakili mwenyewe tiketi mkononi, "mtu wa juu ya mstari, mwangalie mwenzako kwenye ngazi."

Wakaingia. Babu alingoja Wakili ageuke ampungie mkono, lakini hakugeuka, alikuwa ameshughulika. Alimshika Kifungo kiganja, anamhesabia ngazi, anamwambia hii ndefu, hii fupi, hapa shika ukuta. Kijana wa kuchana tiketi mlangoni aliwamulikia kwa tochi, na pazia likawafunika. Babu Futi akakaa kwenye benchi. Alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikamuuma, na pamoja na mapenzi hayo akaona wivu wa waziwazi, wivu wa mtoto mdogo aliyeachwa nje. Muziki ulianza upande wa pili wa ukuta. Masikio yake, yale yaliyokuwa yanaumizwa na kelele, yakawa yanajitahidi kusikia.

Alisikia kishindo, kicheko cha watoto mia, kisha ukimya mrefu. Kuna nini? Nani kafanya nini? Alisogea mwisho wa benchi karibu na ukuta. Akasogea tena, mpaka benchi likaisha. Binti wa tiketi, aliyebaki bila wateja, alimwona akitega sikio, akajifanya anapanga karatasi.

Muda ulipita. Babu alikuwa ameanza kusinzia pazia liliposukumwa, Wakili akatoka mbio, peke yake.

"Kifungo yuko wapi?" Babu akaruka.

"Nimemwachia mama wa kiti cha pembeni, ana watoto watatu, hataona tofauti. Babu, inuka. Zamu yako."

"Zamu gani?"

"Filamu ni dakika tisini. Nilimwomba yule mama aniambie zikifika arobaini na tano. Zimefika." Akamnyooshea kipande cha tiketi kilichochanwa. "Imeandikwa hapa, kamili moja. Haikuandikwa nani. Mimi nimekula nusu yangu, wewe nenda kale yako. Upesi, bata anataka kupanda garimoshi!"

Babu akamtazama binti wa tiketi. Binti wa tiketi akamtazama kijana wa mlangoni. Kijana huyo, ambaye alikuwa amesikia yote, akaisoma tiketi kwa tochi mbele na nyuma, akashindwa kupata kosa. "Tiketi ni ya kiti," akasema. "Kiti hakijalalamika. Pita, mzee."

"Na wewe?" Babu akamuuliza Wakili.

"Atakaa na mimi humu ndani," binti wa tiketi akasema, akifungua mlango mdogo wa kibanda chake. "Nina hesabu zangu za kujumlisha hapa, naona nimepata msaidizi."

Basi Babu Futi akaingia gizani akipapasa, akakuta kiti bado kina joto la mtoto. Kifungo alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Mama wa pembeni akaweka kidole mdomoni. Babu akakiegemeza kile kichwa mbavuni mwake, akainua macho. Kwenye pazia kubwa bata mmoja mnene alikuwa juu ya paa la garimoshi, na mtu wa kofia nyekundu anamfukuza. Kwa nini anamfukuza, Babu hakujua. Bata ametoka wapi, hakujua. Upande wake wa kushoto hakukuwa na wa kumvuta shati, na kila bata alipoanguka Babu aligeuka upande huo kuuliza, akaona kiti cha mtu mwingine.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Kifungo mgongoni kwa Babu, bado amelala.

"Yule mwizi mwenye kofia nilijua tu watamkamata," Babu akasema.

Wakili akasimama katikati ya njia. "Mwizi? Mwenye kofia nyekundu?"

"Ndiye huyohuyo."

"Hapana, Babu! Huyo ndiye mtu mzuri! Bata alipokuwa na njaa alimpa mkate, akamfunika na koti lake."

"Mkate? Mimi nimemwona na gunia."

Wakabishana mtaa mzima. Wakili alieleza mkate, Babu akaeleza gunia. Polepole ikajulikana kwamba mkate ulikuwa wa kumnasa, na Wakili akanuna kwa ajili ya bata, kisha akanuna kwa ajili yake mwenyewe, maana alikuwa amempenda mtu yule kwa dakika arobaini na tano nzima. Babu naye alielewa sasa tu kwa nini bata alilia mwishoni alipoiona ile kofia imeanguka relini. Alikuwa ameidhani kofia tu.

"Mwezi ujao nitashona usiku na mchana," Babu akasema. "Tutaingia wote watatu."

"Tusiingie wote," Wakili akasema. "Hivi ndivyo tamu zaidi. Ila mwezi ujao nataka mimi nusu ya mwisho."

Babu alimtazama usoni, atambue kama anasema kweli au anamhurumia. Hakuweza kutambua. Aliendelea kutembea, na mgongoni Kifungo akajinyoosha, akapiga miayo, akauliza kama filamu imeanza.

"Ndiyo kwanza inaanza," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

Wakili akashika mguu wa mdogo wake uliokuwa unaning'inia, akaanza kumsimulia tangu bata alipotoka kwenye yai, na walipofika kwenye kona ya duka la taa, ambapo filamu ilikuwa imefika katikati, akanyamaza, akamwachia Babu nusu yake.